Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa Bara Aendapo Kusoma Mombasa

Safu hii hupokea barua nyingi kila baada ya KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, kutangaza nafasi za vyuo vikuu, na safari hii nyingi zimehusu Mombasa: zimeandikwa na vijana wa Kakamega, Kisumu, Nakuru na Bungoma walioitwa huko, pamoja na wazazi ambao hawajapata usingizi tangu barua ya mwaliko ifike. Nimezifupisha barua hizo na kuyaacha majina. Mwenye kujibu alisoma Tudor wakati Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilipokuwa bado Politeknika ya Mombasa, na ingawa sasa anafundisha Kisumu, hurudi huko kila apatapo likizo na nauli.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na sijawahi kufika Pwani. Binamu yangu ananiambia nipange chumba Likoni kwa sababu kodi ni nafuu, na rafiki yangu anasema Bamburi kwa sababu ni karibu na ufuo. Nimsikilize nani?
*Kijana wa Shinyalu, Kakamega*

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. Wote wawili wamekushauri kwa nia njema, lakini hakuna aliyekuuliza swali linalotangulia mengine yote: kila asubuhi utavuka maji gani kwenda darasani? Kiini cha Mombasa ni kisiwa. Upande wa kaskazini kinaunganishwa na bara kwa daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, na ng'ambo yake ndiko kuliko Kongowea, Nyali, Kisauni na Bamburi. Upande wa magharibi njia hupitia Makupa kuelekea Changamwe, uwanja wa ndege na Miritini. Upande wa kusini ndiko Likoni, ambako wakazi wengi huvuka kwa feri. Chuo chako, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kiko Tudor, ndani ya kisiwa chenyewe.

Kwa hiyo anayelala Tudor, Buxton, Sabasaba au Majengo huenda darasani kwa miguu, na siku ya mvua hupanda tuktuk moja tu. Anayelala Bamburi hutegemea barabara inayopita Kongowea na daraja la Nyali, ambako magari husongamana asubuhi na jioni bila kujali kwamba wewe una mtihani. Anayelala Likoni hungoja feri, kisha akishuka hutafuta matatu ya kumfikisha Tudor. Ni kweli kwamba mtu wa miguu halipi chochote kwenye feri, na ndiyo maana binamu yako anaiona Likoni kuwa rahisi. Lakini feri ikichelewa au ikiharibika, mhadhara wa saa mbili asubuhi hautakungoja. Andika kodi na nauli katika karatasi moja, uzidishe nauli hiyo kwa siku zote za masomo katika mwezi, ndipo ulinganishe. Mara nyingi chumba cha bei nafuu ng'ambo hugeuka kuwa ghali kuliko cha kisiwani, na hapo hujahesabu saa za usingizi ulizopoteza. Kama chuo kitakupa kitanda katika hosteli yake kwa mwaka wa kwanza, kichukue, hata kama ni finyu. Utapata muda wa kuujua mji kabla ya kufunga mkataba na mtu.

Baada ya mahali, jambo la pili ni maji ya bombani, na hapa ndipo watoto wa Kakamega, waliozoea mvua inayonyesha takriban kila alasiri, hushangaa zaidi kuliko wanavyoshangazwa na joto. Kisiwa hakina mto. Maji ya mfereji hutoka mbali, katika chemchemi za Mzima huko Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na hufika kwa mgao. Nyumba nyingi huziba pengo hilo kwa kisima cha uani, ambacho maji yake ni ya chumvi: yatakufaa kuoshea sakafu na hata kuoga, ingawa sabuni hukataa kutoa povu, lakini hutayanywa wala kupikia chai. Maji matamu utayanunua kwa wauzaji wa mikokoteni, katika madumu ya lita 20. Kabla ya kulipa, fungua bomba mwenyewe, uonje, uulize mfereji hutoka siku zipi, na uangalie kama kuna tangi juu ya paa. Uliza pia kama mita ya stima ni yako peke yako au mnachangia tokeni na wapangaji wengine, kwa maana ugomvi wa tokeni umevunja urafiki mwingi wa wanafunzi kuliko mapenzi.

Chumba kiwe na dirisha linalopata upepo, ikiwezekana madirisha ya pande mbili, kwa kuwa Februari na Machi feni peke yake husukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine. Na usitume amana kwa simu kwa ajili ya chumba ulichokiona kwenye picha tu. Msimu wa wanafunzi wapya kuripoti ndio msimu wa mavuno kwa matapeli. Fikia kwa jamaa, kwa kanisa lenu au kwa mwanafunzi wa kutoka kwenu, ukague vyumba mchana, kisha urudi kuvitazama tena baada ya magharibi. Makundi ya vijana wenye mapanga yamewahi kusumbua baadhi ya mitaa ya Kisauni, Likoni na Mji wa Kale, na mwenye duka la karibu atakueleza hali ya mtaa wake kwa ukweli kuliko mwenye nyumba.

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, na kifungua mimba wangu ameitwa Mombasa. Nimesikia habari za feri kuzama, watu kufa baharini, na vijana kuharibiwa na dawa na starehe za Mtwapa. Baba yake anataka tumwombee uhamisho aje Maseno ili tumwone kila mwisho wa wiki. Nisaidie.
*Mama wa Bumala, Busia*

Jibu: Mama, hofu zako sizipuuzi, ila naomba nizipange upya, kwa sababu ile uliyoitanguliza ndiyo ndogo zaidi. Ajali ya feri inayokumbukwa na wengi ni ya Mtongwe, ya tarehe 29 Aprili 1994, ambapo watu 272 walikufa katika chombo kilichobeba abiria kupita kiasi. Kivuko hicho si kile cha Likoni ambacho umati hupita kila siku. Na mwanao akilala kisiwani, kama nilivyomshauri kijana wa Shinyalu, hatakuwa na haja ya kupanda feri isipokuwa siku anapokwenda kutembea ng'ambo.

Bahari yenyewe ndiyo ya kuzungumziwa kwa makini, hasa kwa kijana aliyejifunza kuogelea mtoni au ziwani na kudhani kwamba maji ni maji. Ziwa letu halijai na kupwa hivyo. Mombasa bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kila siku. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huweza kupita mita 3. Maji yakiwa yamekupwa, mchanga na mawe huwa wazi hadi karibu na mwamba, na vijana wageni hutembea kwenda huko wakipiga picha. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hupitia mikondo iliyo chini zaidi, kwa hiyo mtu hugeuka akitaka kurejea na kukuta kwamba kati yake na ufuo pana kina asichokitarajia. Mwambie mwanao aulize wavuvi saa za maji kabla ya kuingia, aogelee palipo na watu na waokoaji kama kule ufuo wa Pirates, na asiingie usiku, peke yake au akiwa amekunywa kitu. Wenyeji wenyewe hufuata masharti haya, na wao wamezaliwa hapo.

Kuhusu dawa, sitakudanganya. Heroini imeumiza familia nyingi za Pwani kwa miaka mingi, na muguka, majani ya kutafunwa ya jamii ya miraa, umezua mabishano makubwa: Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Kinachomwingiza mwanafunzi katika mambo haya mara nyingi ni upweke wa muhula wa kwanza, pamoja na rafiki wa kwanza aliyemwonyesha ukarimu. Kwa hiyo muulize kila wiki, bila ukali, anakula na nani na Jumapili alikuwa wapi. Mtwapa iko nje ya Mombasa, katika Kaunti ya Kilifi, na kutoka Tudor ni safari yenye nauli. Umbali wenyewe utamsaidia. Starehe zipo Kisumu pia, Mama, na kutoka Maseno hadi mjini ni matatu moja.

Uhamisho unawezekana. KUCCPS hufungua kipindi cha maombi hayo, na mwombaji hukubaliwa iwapo alama zake zinafikia kiwango kilichotumika kwa kozi anayoitaka na nafasi ipo. Mwombeeni uhamisho ikiwa kozi ya Maseno ndiyo anayoitaka yeye. Kama sababu ni kumwona kila mwisho wa wiki, nadhani mtamchosha.

Swali: Mwalimu, mimi natoka Nakuru. Niende kwa treni au kwa basi?
*Msomaji wa Nakuru*

Jibu: Inategemea mzigo. Siku ya kwanza, ukiwa na godoro na sanduku, panda basi la usiku linalopitia Nakuru na kwenda moja kwa moja, ulale, uamke Mombasa mjini. Safari nyingine, ukiwa na begi la mgongoni tu, treni ya SGR, yaani ile ya reli ya kisasa, iliyoanza mwaka 2017 ina starehe zaidi, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi ni shilingi 1,500. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639#, nawe ubebe kitambulisho. Usisahau kwamba stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, kwa hiyo ongeza nauli na muda wa kufika huko pande zote mbili. Tiketi ya Desemba kata Novemba.

Swali: Mwalimu, mimi ni Mkristo na msichana. Je, nitalazimika kuvaa buibui? Wakati wa Ramadhani nitakula wapi mchana? Na nitaishije bila ngege, samaki wetu wa ziwani?
*Msomaji wa Nyalenda, Kisumu*

Jibu: Hakuna atakayekulazimisha kuvaa buibui. Darasani utakaa na wenzako wa kila dini na kila kaunti, na makanisa hayatakukosa. Kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mwaka 1905 na lile la Kikatoliki la Roho Mtakatifu yote yako kisiwani. Lakini mji una heshima zake, na Mji wa Kale una zaidi. Kaptura fupi ambayo Bamburi hakuna anayeitazama, ukipita nayo Kibokoni utageuziwa nyuso, na akina mama watakuonea haya kwa niaba yako. Nunua leso jozi moja na dera moja au mawili. Kwanza utayapenda kwa sababu ya joto, na kabla ya mwaka kwisha utakuwa unayavaa hata ukienda kununua nyanya.

Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na katika miaka hii huangukia Februari na Machi, yaani katikati ya muhula na katika miezi ya joto kali kuliko yote. Mchana mikahawa mingi ya mitaa ya Waislamu hufungwa, na inayobaki wazi huteremsha pazia mlangoni. Kantini za chuo na vibanda vya wasiofunga huendelea, kwa hiyo hutalala njaa. Jambo la adabu ni kutotembea barabarani ukitafuna, na kutomfungulia chupa ya maji baridi mwenzako aliyefunga katika chumba kisicho na feni. Fidia yake huja jioni. Kuanzia alasiri meza hutolewa nje, na utakuta kaimati, mkate wa sinia, tambi, viazi vya nazi na sambusa, na ukiwa na jirani mwema utaletewa sahani ya futari bila kuomba. Ipokee. Sahani yake isirudi tupu. Hata ndizi chache zinatosha.

Nje ya Ramadhani, chakula cha mwanafunzi Mombasa ni kizuri kuliko cha mji mwingine wowote nchini, na hilo nalisema nikijua ninaandika nikiwa Kisumu. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi. Jioni viazi karai hutoka motoni vikamwagiwa ukwaju, pembeni mwake mishikaki na bajia, na anayetaka kitu cha kutuliza koo hupata dafu au maji ya miwa. Ukiwa na pesa kidogo utashiba. Ukiwa na nyingi utanenepa. Kuhusu ngege, utatamani nyumbani kwa mwezi mmoja, kisha utaonja changu wa kupaka, mnono wa nazi na ndimu, na nakuhakikishia barua yako ijayo haitauliza swali hilo. Omena beba kutoka kwenu. Hiyo haina mbadala, na wenzako wa Siaya na Homa Bay watakujua kwa harufu na kuja kubisha hodi.

Swali: Mwalimu, niko mwaka wa pili. Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huniishia katikati ya muhula. Nimekopa kwa programu kadhaa za simu na sasa wananipigia hadi shangazi yangu. Nafikiria kupiga watalii picha ufuoni. Unaonaje?
*Mwanafunzi kutoka Bungoma, sasa Mombasa*

Jibu: Tuanze na hesabu. Kwa mpangilio wa makundi matano, ambao huanza na wanafunzi wenye uhitaji mkubwa zaidi, pesa za kujikimu ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kundi la kwanza, nazo hupungua hadi 40,000 kwa wa kundi la tano. Mfumo huo umekuwa na kesi mahakamani, kwa hiyo hakikisha kiwango chako katika akaunti yako. Ukigawa kwa miezi minane ya masomo, wa kundi la kwanza ana 7,500 kwa mwezi na wa kundi la tano ana 5,000. Kodi hutoka humo, na chakula, maji matamu na nauli pia. Hizo si pesa zinazoweza kutumiwa kama mshahara unaoingia kila mwezi, kwani huja kwa mkupuo kila muhula na kumfanya mtu ajione tajiri kwa wiki mbili. Siku zinapoingia, lipa kodi ya muhula wote kama mwenye nyumba anakubali, kisha zinazobaki ziweke mahali ambapo huwezi kuzichota kwa kubonyeza simu ukiwa bustani ya Mama Ngina na marafiki.

Mikopo ya simu ndiyo moto unaokuunguza sasa. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na hukupa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kudai. Programu hizo nyingi hutoza kwa mwezi mmoja zaidi ya kiasi hicho. Mpigie shangazi wewe mwenyewe leo, kabla hawajampigia tena, umweleze deni lote bila kuficha hata moja, na umwombe akukopeshe ya kufunga lile lenye riba kubwa. Futa programu hizo. Ukiwa na ya kamari humo, ifute kwanza.

Picha za ufuoni sizipendi kwako. Ufuo una wenyewe: wapiga picha, waongoza ngamia na wauza vinyago ambao wamekaa hapo miaka, wana vikundi vyao na vibali, na mgeni hupokelewa vibaya. Utalii nao una misimu yake. Agosti, Desemba na Pasaka hoteli hutafuta vibarua, lakini masika yakianza Aprili hadi Juni nyingine hupunguza wafanyakazi, na ndipo wewe utakuwa umekwisha kuitegemea kazi hiyo. Masomo ya ziada kwa watoto wa shule yana malipo ya kudumu zaidi, hasa hisabati na sayansi, na mzazi akiridhika atakupa majirani zake. Wapo pia wanaochapa na kupanga kazi za wenzao, wanaotengeneza simu, na wanaopika mabuyu ya rangi usiku na kuyauza hosteli asubuhi. Mabuyu hayo hayahitaji mtaji mkubwa, na nimeona yakisomesha watu.

Kwa chakula, ungana na wenzako wawili au watatu. Siku ya Jumamosi mmoja wenu aende soko la Kongowea mapema, magari ya mboga yanaposhusha, anunue nyanya, vitunguu na sukuma za wiki nzima kwa bei ya jumla. Nazi mkune wenyewe.

Swali: Mwalimu, mimi nimeitwa Chuo Kikuu cha Pwani. Nimeshalipia amana ya chumba Mombasa, karibu na daraja la Nyali. Je, niko karibu na chuo?
*Msomaji wa Webuye*

Jibu: Hapana, mwanangu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mjini Kilifi, takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, na jina lake limewapoteza wengi kabla yako. Lala Kilifi. Ni mji mdogo na mtulivu, na chumba karibu na chuo kinapatikana bila kuvuka maji yoyote kwenda darasani. Mpigie mwenye nyumba wa Nyali leo hii, kabla ya mwezi kuanza na kabla hujachukua funguo, umweleze kwa upole na umwombe akurudishie amana yako, hata kama atakata kidogo. Ukingoja hadi siku ya kuripoti atasema alikataa wapangaji wengine kwa ajili yako, na hapo atakuwa na haki.